Nyuki wa kwenye boriti siye nyuki wa kwenye boksi

Makala ya leo ni ndefu kuliko kawaida na ina historia nyingi ndani yake. Chanzo chake ni kosa langu mwenyewe.

Misimu miwili iliyopita, kwenye shamba darasa la nyanya, niliwaambia wakulima kwamba yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti za nyumba zetu ndiye nyuki bambi, yule ambaye Wazungu wanamfuga kwenye maboksi ili achavushe nyanya. Nilikuwa nimeona picha kwenye simu: mdudu mnene, mweusi, ana mistari ya njano, ana manyoya. Nikasema ndiye. Watu wakafurahi, wengine wakaandika kwenye madaftari.

Baada ya mkutano mama mmoja mwenye kitalunyumba alinifuata pembeni. "Bwana shamba," akasema, "kama ndiye huyu wa kwenye paa langu, mbona kuna kijana ananiambia nimpe hela aniagizie boksi la hao nyuki kutoka nje?" Sikuwa na jibu. Wiki hiyo hiyo nilipita kwa mzee jirani yake, nikamkuta juu ya ngazi anaziba matundu ya boriti kwa matambara yaliyolowekwa mafuta ya taa. Nikamwamkia, akaitikia huku anaendelea na kazi. Nyuma ya nyumba alikuwa na bilinganya na mapasheni, na aliposhuka malalamiko yake ya kwanza yalikuwa kwamba mapasheni yanatoa maua tu, matunda hakuna.

Mmoja anataka kununua mdudu asiyemjua, mwingine anaua mdudu asiyemjua, na mtaalamu wao amewachanganya wote wawili. Nikaona nikae chini nisome.

Nyuki bambi ni kundi la nyuki wakubwa wenye manyoya mengi, aina zaidi ya 250 duniani. Ni viumbe wanaopenda baridi. Kwao ni Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini, na wengine Amerika ya Kusini. Afrika wapo kaskazini tu, kama Morocco na Algeria. Kusini mwa Sahara hakuna hata aina moja ya asili. Kwa hiyo nilichosema shamba darasa kilikuwa kosa kabla sijamaliza sentensi.

Yule wa kwenye maboksi ana jina lake la kitaalamu, Bombus terrestris. Aliyemwandika kwa mara ya kwanza ni Carl Linnaeus wa Sweden, mwaka 1758. Neno terrestris linahusu ardhi, kwa sababu mdudu huyu hujenga kiota chini ya udongo, mara nyingi kwenye shimo lililoachwa na panya. Malkia peke yake ndiye anayevuka majira ya baridi, akiwa amelala ardhini. Baridi ikiisha anatoka, anatafuta shimo, anataga, analea wafanyakazi wa kwanza mwenyewe. Kundi likikua linafika mia kadhaa, halafu kabla ya baridi nyingine wote wanakufa isipokuwa malkia wapya. Hawaweki asali ya kuvuna. Wana vikombe vidogo vya nta vyenye mbochi ya siku chache tu.

Rangi zake ni rahisi kukariri. Mwili mweusi, mstari wa njano iliyokolea shingoni, mstari mwingine wa njano tumboni, na ncha ya tumbo, tuseme mkia, nyeupe. Kwa malkia wa Uingereza mkia huo si mweupe safi, una rangi ya hudhurungi hafifu kama kitambaa cheupe kilichofuliwa kwa maji ya tope. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu ana ndugu zake.

Mwaka 1761 Linnaeus huyo huyo aliandika ndugu wa kwanza, Bombus lucorum. Huyu naye ni mweusi mwenye mistari miwili ya njano, ila njano yake ni kali kama ndimu iliyoiva, na mkia wake ni mweupe safi. Malkia wao unaweza kuwatenganisha ukiwaweka pamoja. Wafanyakazi wao hata wataalamu wanakwama. Wengi huko Uingereza huandika tu kwamba wameona "mmoja kati ya hao wawili". Na siku hizi, kwa kupima vinasaba, imeonekana kwamba huyo lucorum mwenyewe ni aina tatu zinazofanana. Zaidi ya miaka 200 watu walikuwa wanahesabu watatu kama mmoja.

Yupo pia Bombus hortorum. Mkia wake ni mweupe, lakini mistari ya njano ni mitatu, na uso wake ni mrefu kama wa farasi kwa sababu ana ulimi mrefu. Ulimi huo uukumbuke, utarudi. Yupo nyuki bambi mwizi, Bombus vestalis, anayemfanana terrestris sana. Huyu hana kazi ya kukusanya chavua. Malkia wake huingia kwenye kiota cha terrestris, humwondoa mwenye nyumba, kisha wafanyakazi waliobaki humlelea watoto wake. Utamjua kwa miguu ya nyuma: hana kile kikapu cha kubebea chavua, na mbawa zake ni nyeusi-nyeusi. Halafu wapo nzi walioiga kabisa, wana manyoya na rangi zile zile, ila ni nzi: mbawa mbili badala ya nne, macho makubwa yanayojaza kichwa, papasi fupi, na wanaweza kusimama hewani sehemu moja kama wamening'inizwa kwa uzi.

Mkulima anaweza kuuliza, rangi ya mkia inamhusu nini? Jibu la kwanza liko New Zealand.

Karne ya 19 walowezi wa Kiingereza walipofika New Zealand walipanda klova nyekundu, jani la malisho ya ng'ombe na kondoo. Klova ilistawi vizuri sana, ila ilikuwa haitoi mbegu za kutosha. Kila walipotaka kupanda upya ilibidi mbegu iagizwe kwa meli kutoka Uingereza. Wewe unayenunua mbegu chotara kila msimu unajua maumivu hayo, na hao walikuwa wanasubiri meli.

Sababu ilikuwa imeshaandikwa na Charles Darwin. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 alieleza kwamba klova nyekundu inategemea nyuki bambi, kwa sababu nyuki wa asali hawezi kuifikia mbochi iliyo chini kabisa ya ua. Baadaye aliandika na jaribio lake: vichwa 100 vya klova vilivyoachwa wazi vilitoa mbegu 2,700, na vichwa 100 vilivyofunikwa visifikiwe na nyuki havikutoa hata mbegu moja. New Zealand haikuwa na nyuki bambi. Basi wakaamua kuwaleta.

Majaribio ya kwanza yalishindwa. Safari ilikuwa ndefu, meli ilipita sehemu za joto, malkia waliokuwa wamelala wakaamka njiani wakafa. Kilichobadilisha mambo ni meli zenye vyumba vya barafu, zilizokuwa zimeanza kubeba nyama ya kondoo kutoka New Zealand kwenda London. Meli hizo zingeweza kurudi na malkia waliolala. Vibarua huko kusini mwa Uingereza wakawa wanachimbua malkia kwenye kingo za mitaro majira ya baridi, wanawekwa kwenye maboksi yenye kuvu la mawe, wanapakiwa kwenye ubaridi. Mapema mwaka 1885 meli mbili, Tongariro na Aorangi, zilifikisha mizigo hiyo kwa chama cha walowezi cha Canterbury kilichokuwa kinaagiza wanyama na mimea kutoka kwao. Walipakiwa mamia, waliofika hai na kuachiwa hawakufika 100.

Hao wachache walitosha. Kwa miaka michache walienea kisiwa kizima cha kusini, na klova ikaanza kutoa mbegu. Mpaka leo ni mfano unaotajwa sana wa mdudu aliyeletwa kwa makusudi akafanya kazi aliyoletewa.

Lakini vibarua wenye majembe hawakuwa wanachagua aina. Kwao nyuki bambi alikuwa nyuki bambi. Waliostawi New Zealand ni aina nne, na aliyeenea kuliko wote ni terrestris. Terrestris ana ulimi mfupi! Kwenye maua marefu ana tabia ya kutoboa tundu kwenye kitako cha ua na kunyonya mbochi pembeni bila kugusa chavua. Kazi ya klova nyekundu ilihitaji hasa wenye ndimi ndefu, kama yule hortorum mwenye uso wa farasi. Bahati nzuri nao walikuwemo kwenye mzigo. Wangekuwa wamechimbuliwa terrestris watupu, historia ingesomeka vingine.

Kuna jambo lingine kwenye mzigo ule ambalo hakuna aliyelipanga. Mmoja wa aina zile nne, Bombus subterraneus, baadaye alitoweka Uingereza kwao. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1988, pwani ya Dungeness, na mwaka 2000 ikatangazwa kwamba ametoweka. New Zealand bado yupo. Waingereza walifikiria kuwarudisha wajukuu wa waliosafirishwa 1885, ikashindikana, na mwaka 2012 wakaleta malkia kutoka Sweden. Nchi iliyokuwa inachimba malkia kwa majembe na kuwauza ng'ambo imekuja kuwaomba kwa jirani.

Sasa tuje kwenye nyanya, maana ndipo boksi lilipozaliwa.

Ua la nyanya lina siri. Chavua yake haiko wazi kama ya mahindi. Imefungiwa ndani ya vijifuko vilivyoungana kama bomba la njano, na bomba hilo lina tundu kwenye ncha tu, mfano wa kopo la chumvi ya mezani. Ili chavua itoke lazima ua litikisike. Shambani nje upepo unatikisa, na kwa kuwa nyanya hujichavusha yenyewe, inatosha kwa kiasi. Ndani ya kitalunyumba upepo hakuna. Nyuki wa asali hawezi kazi hii. Nyuki bambi anaiweza: analing'ata lile bomba, anajikunja juu yake, anatetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mbawa, unasikia sauti kama simu inayotetema mezani, na chavua inamwagika tumboni kwake. Akiondoka, ua linabaki na alama ya hudhurungi pale alipoling'ata. Wenye vitalunyumba Ulaya huhesabu alama hizo kujua kama nyuki wanafanya kazi.

Kabla ya hapo, Uholanzi na Ubelgiji walikuwa wanaajiri watu wapite kila mche na kifaa cha umeme cha kutetemesha, mara mbili au tatu kwa wiki. Mishahara ya kule mnaisikia. Watu walikuwa wamejaribu kumfuga nyuki bambi zamani, Mwingereza F. W. L. Sladen aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 1912, akaeleza na namna ya kuwaweka kwenye maboksi. Kikwazo kilikuwa usingizi. Malkia anataka kulala miezi mingi kabla ya kuanza kundi, na nyanya hazisubiri. Mwaka 1985 ilichapishwa njia ya kumpulizia malkia gesi ya kaboni dayoksaidi ili aruke ule usingizi na kuanza kutaga. Kipindi hicho hicho daktari wa mifugo wa Ubelgiji, Roland de Jonghe, ambaye alipenda tu kufuga wadudu hawa, akagundua walivyo wazuri kwenye nyanya za kitalunyumba. Mwaka 1987 alianzisha kampuni ya kuwazalisha, Biobest, na wengine wakafuata haraka. Kufikia mwaka 2004 makundi karibu milioni moja yalikuwa yanauzwa kwa mwaka, karibu yote kwa ajili ya nyanya. Na aliyechaguliwa ni terrestris, kwa sababu makundi yake ni makubwa na anavumilia kufugwa.

Kijana anayemwambia yule mama atoe hela aletewe boksi anaijua historia mpaka hapo, na mpaka hapo ni nzuri. Sehemu inayofuata huwa haisemwi.

Boksi halina mlango wa kudumu, na kitalunyumba kina matundu. Mwaka 1992 terrestris walionekana wakiruka huria Tasmania, Australia, ambako nyuki bambi hawakuwapo. Japani walianza kuagiza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1996 kiota kikapatikana porini katika kisiwa cha Hokkaido. Wajapani wana nyuki bambi wao wa asili, na mgeni akaanza kuwanyang'anya mashimo ya kutagia. Mwaka 2006 sheria yao ya viumbe vamizi ikambana: anayemtumia lazima awe na kibali na kitalu kifungwe wavu. Wananchi wa Hokkaido wakafundishwa kumkamata malkia mgeni majira ya maua, na alama waliyofundishwa kutazama ni ule mkia mweupe.

Chile ndiko kulikoumia zaidi. Walikuwa na nyuki bambi wao, Bombus dahlbomii, wa rangi ya chungwa mwili mzima, mmoja wa wakubwa kabisa duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Chile ilileta aina moja ya Ulaya kutoka New Zealand, kwa ajili ya klova ile ile. Kisha mwaka 1997 na 1998 wakaruhusu terrestris kwa ajili ya nyanya. Huyo hakukaa Chile. Mwaka 2006 alikuwa ameshavuka milima ya Andes yuko Argentina, na kila alikofika yule wa chungwa alipungua au akapotea. Wanaosoma magonjwa ya wadudu wanashuku zaidi vimelea alivyokuja navyo. Leo dahlbomii yuko kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kule hapakuwa na tatizo la kumtambua nani ni nani, rangi ziko mbali kabisa. Tatizo lilikuwa kwamba nchi mbili zina mpaka mmoja na uamuzi ulifanywa upande mmoja tu.

Sasa turudi kwenye boriti.

Huyu wetu ni wa kundi linaloitwa Xylocopa, jina lenye maana ya mkata mbao. Mimi namwita nyuki seremala, na wakulima wangu wameshaanza kumwita hivyo. Aina ziko nyingi. Anayeonekana sana ni Xylocopa caffra: jike mweusi mwenye mikanda miwili ya njano au nyeupe, mmoja nyuma ya kifua na mwingine mwanzo wa tumbo. Dume lake ni la njano-kijani mwili mzima, lina manyoya, na watu wengi hudhani ni mdudu mwingine kabisa. Yupo na Xylocopa nigrita, mkubwa sana, jike jeusi lenye manyoya meupe pembeni.

Kumtofautisha na nyuki bambi usianze na mistari, mistari ndiyo iliyonidanganya mimi. Angalia tumbo kwa juu. La nyuki bambi lina manyoya mpaka mwisho, kama kifaranga. La seremala jike linang'aa, lina upara, kama kiatu kilichopigwa kiwi. Angalia miguu ya nyuma akitoka kwenye maua: bambi anabeba tonge la chavua kwenye kikapu laini kama afanyavyo nyuki wa asali, seremala chavua inamkaa kwenye manyoya ya miguu kama vumbi. Kisha angalia anakoingia. Ukiona tundu la mviringo safi kabisa kwenye mbao kavu, na unga wa mbao chini yake, hilo ni la seremala.

Dume la seremala ndilo linalowatisha watoto. Linasimama hewani karibu na mti wenye maua na kumfukuza kila apitaye, hata mbuzi. Halina mwiba. Nyuki dume wote hawana mwiba. Jike anao, ila sijaona akimchoma mtu asiyemkamata kwa mkono.

Kuna mdudu mmoja anayemwiga seremala hapa hapa kwetu, naye ni nzi mwindaji aitwaye Hyperechia. Ni mweusi, mnene, ana manyoya, ukimwona anaruka utaapa ni nyuki. Ila hatembelei maua kutafuta mbochi. Anakaa kimya kwenye kijiti au kwenye boriti yenye matundu, anaruka ghafla, anakamata mdudu mwingine na kumnyonya. Watoto wake hukua ndani ya mashimo ya seremala wakila watoto wa seremala. Mhesabu mbawa akiwa ametulia: mbili. Tena kuna nyuki mdogo zaidi, mwepesi, tumbo lina mistari, anaruka kwa kasi kutoka ua hadi ua kwa mlio mkali. Huyo ni Amegilla, na yeye ni rafiki mkubwa wa nyanya.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la yule mama. Seremala anaijua kazi ile ile ya kutetemesha ua, na Amegilla pia. Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti walifuatilia maua ya bilinganya, ambayo yamejengwa kama ya nyanya, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Miongoni mwa wachavushaji bora alikuwa huyu huyu Xylocopa caffra. Walieleza pia kwamba nyuki hao hawaishi kwa bilinganya tu. Wanategemea maua ya pori la jirani na shamba. Ukifyeka pori lote umefyeka na chakula chao cha miezi ambayo bilinganya haina maua.

Kwa mapasheni habari ni kubwa zaidi. Pasheni ya njano haijichavushi yenyewe, inataka chavua ya mmea mwingine. Ua lake ni kubwa, na nyuki wa asali akiingia anapita chini bila kugusa sehemu za juu. Anachukua chake na kuondoka. Seremala ana kimo kinachotosha: mgongo wake unapangusa juu kote. Nilirudi kwa yule mzee kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama boriti yake, akaniuliza: "Kwa hiyo bwana shamba, nyumba inianguke ili nile pasheni?" Swali lake ni la haki, kwa hiyo nalijibu hapa.

Seremala hapendi mbao iliyopakwa rangi vizuri, anapenda mbao kavu iliyo wazi, hasa laini. Paka rangi boriti na fito zinazoonekana. Matundu ya zamani yazibe kwa kijiti na gundi baada ya watoto kutoka, usizibe wakiwa ndani, watatafuna njia nyingine na utakuwa umejiongezea matundu. Kisha mpe mahali pengine: gogo kavu la mwembe au mparachichi lililoinuliwa juu ya mawe lisioze, pembeni ya shamba, au vipande vya mwanzi vilivyofungwa pamoja na kuning'inizwa mahali pasiponyeshewa, mdomo mmoja ukiwa wazi. Mafuta ya taa acha kabisa.

Dawa za wadudu piga jioni, na kama ua liko wazi subiri. Pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana. Ya njano hufunguka karibu saa sita mchana. Ukipiga ya njano saa saba mchana umeua uliowaita.

Kwa mama wa kitalunyumba nilimwambia hivi: hela ya boksi asitoe. Kuingiza kiumbe hai kutoka nje bila kibali ni kosa, na huyo kijana hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Maua ya nyanya zake ayatikise kwa kugonga kamba zilizofungia miche, kila baada ya siku moja, kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana siku isiyo na unyevu, maana chavua iliyolowa haimwagiki. Siku za jua akunje pazia la pembeni, aone kama Amegilla ataingia. Aliingia wiki ya pili. Seremala hakuingia, yeye hukaa nje kwenye ua la mbaazi.

Mzee aliondoa matambara kwenye matundu manne, mengine akayaacha. Gogo la mparachichi liko nyuma ya banda lake la kuku tangu mwezi wa tatu, na nilipopita juzi nilihesabu matundu mawili mapya na unga wa mbao chini yake.